Mume wangu asema atatuharibia safari

BARUA YA KWANZA

Shangazi, asalaam aleikum. Naomba uisome hii mpaka mwisho manake sijui nianzie wapi. Mume wangu alipigwa na stroki miaka mitatu iliyopita, upande wa kulia. Alhamdulillahi anaongea vizuri, akili iko sawa, anatembea kwa fimbo lakini ni hatua ishirini hivi, thalathini siku akiamka vizuri, zikizidi hapo ni kiti cha magurudumu. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa lori, miaka kumi na tisa akipanda na kushuka barabara ya Nairobi na ile ya Taveta, hakuna kona asiyoijua. Mwezi wa kwanza twatimiza miaka 25 ya ndoa na mie nimeweka pesa kidogo kwa chama, nataka tutoke siku nne, mie na yeye tu, tuendeshe gari tuangalie nchi. Watoto wasema twende hoteli ya Diani tukae. Yeye mwenyewe nilipomwambia alinyamaza kidogo alafu akasema nendeni nyinyi, mie nitawaharibia safari. Nililia jikoni shangazi. Gari tunayo, Noah ya zamani, mie naendesha lakini ni hapa hapa, Bamburi, Nyali, mjini, sijawahi kuvuka Mazeras nikiwa nimeshika usukani. Je ni wazimu? Na kama si wazimu twende wapi na nijipange vipi?
Mama wa watatu, Bamburi

SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa miaka 25. Si wazimu hata kidogo. Wazimu ungekuwa kuondoka bila kujipanga, na wewe ushauliza.

Naanza na lile neno lake manake ndo limenikaa moyoni. Nitawaharibia safari. Hilo neno nimelisikia nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, na miaka sita tuliyoishi baada ya hapo tulisafiri mara nyingi, zingine nzuri zingine mbaya, na zile mbaya zote zilikuwa na kosa moja na kosa lilikuwa langu: nilikuwa napanga safari ya watu wanaotembea, alafu naanza kupunguza. Hapa hatutashuka, pale tutawasubiri wenzetu, kule wewe utabaki na mkoba. Jioni ikifika mwenzio ashahesabu kila kilichopunguzwa, na kila kimoja ashajiandikia yeye mwenyewe. Mumeo hesabu hiyo aliifanya kichwani kabla hujamaliza kumwambia.

Kwa hivo usianze na mahali afu ukajiuliza atafikaje. Anza na safari ambayo kukaa ndani ya gari ndo yenyewe, si njia ya kufikia kitu kingine. Na hapo ndo naona Diani watoto wamekosea, wanisamehe, najua ni mapenzi. Diani raha yake iko mchangani na mchanga unameza magurudumu, labda maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana, na hapo pia umpate wa kusukuma na umrudishe kabla bahari haijajaa. Siku zilizobaki atakaa barazani akiwaangalia wengine wakishuka pwani. Siku nne za kuangalia wengine. Hapana.

Tsavo sasa. Tsavo ilitengwa kuwa mbuga 1948, na ile ya Mashariki peke yake yapita kilomita za mraba 13,000, na sheria ya mle ndani ni moja kwa tajiri na maskini, mzima na mgonjwa: hushuki garini isipokuwa pale palipoandikwa. Wewe fikiria hilo. Mzungu aliyetoka kwao na miguu yake miwili mizima atakaa kitini kama mumeo, atachungulia dirishani kama mumeo, ndovu mwekundu kwa vumbi la huko akivuka wote mmekaa. Hakuna atakayeshuka amuache. Mie mara ya kwanza tulipoingia lango la Voi mume wangu alikaa kimya kama nusu saa, nikadhani ana maumivu, kumbe alikuwa anafurahi tu, akaniambia leo sijaona mtu akinisubiri.

Na kitu cha pili, barabara yenyewe ni yake. Mtu wa miaka kumi na tisa kwa lori hiyo njia! Wewe ndo mgeni, yeye ndo mwenyeji. Usimwambie twakupeleka kutembea, mwambie mie siijui hiyo barabara, naogopa malori, nataka unikalie hapa mbele unielekeze. Na si maneno ya kumpa moyo, ni kweli hujui na ni kweli yeye ajua: wapi lori linaweza kukupisha, wapi huthubutu kupita, pale chini ya mteremko ushuke na gia gani. Mpe na karatasi apange vituo mwenyewe. Ukimuona kaishika kalamu kwa ule mkono wa kushoto anaandika Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru, basi ujue safari ishaanza.

Njia naiona hivi, na yeye airekebishe. Siku ya kwanza Mombasa mpaka Voi, ni kama kilomita 150 na kitu, mtu wa mjini aenda kwa masaa mawili na nusu, nyinyi jipeni matano. Tokeni baada ya alfajiri kukishapambazuka, kabla Changamwe haijajaa. Simameni Mackinnon Road kwenye msikiti ule wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, uko kando ya barabara kabisa karibu na reli, madereva wengi husimama pale kuomba dua na bila shaka mumeo kasimama mara nyingi kuliko siku za mwezi. Chukua maji yenu ya udhu kwenye chupa, amimine akiwa amekaa pale pale kitini. Alafu Maungu, alafu Voi, mufike kabla ya adhuhuri, mule, alale. Siku ya kwanza hakuna lingine. Najua utatamani kuingia mbugani jioni hiyo hiyo, usiingie.

Siku ya pili asubuhi mapema ingieni lango la Voi, linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na linafungwa saa kumi na mbili jioni, na malipo hawachukui pesa mkononi, unalipa kwa eCitizen kwenye simu kwa hivo malizeni usiku mkiwa hotelini mtandao ukiwa mzuri. Fuateni ile njia ya kuelekea Aruba, bwawa lile. Mwezi wa kwanza ni kaskazi, jua kali, nyasi zimekauka, wanyama wanasogea majini, mwaona vitu bila kuzunguka sana. Barabara ni ya murram na ina mawimbi mawimbi, na mwili wenye stroki ule mtikisiko unaukaza, mguu unashtuka wenyewe, bega linauma. Kwa hivo masaa mawili, matatu, toka, pumzika. Kama mtaona Noah yaogopa murram kodini van ya watalii kwa hiyo siku moja, lakini jua kitu kimoja, lile paa linaloinuka ni la watu wanaosimama. Mwenye kukaa anaonea dirishani. Mkiwa mmechanganyika na wengine mwambieni dereva mapema mtu wenu anapata siti ya dirisha na hakuna wa kusimama mbele yake. Semeni mapema, kabla ndovu hajatokea, manake akishatokea kila mtu atasahau.

Siku ya tatu ndo naipenda zaidi. Mwatate, alafu panda Wundanyi. Lami tupu, na ile kupanda jamani, kona baada ya kona, mashamba ya mkonge yanabaki chini huko Mwatate, hewa inabadilika, unafungua kioo unasikia baridi mtu wa Mombasa hujaizoea, ukungu, migomba, mboga zimepandwa kwenye ngazi za mlima mpaka juu. Vuria ule mlima wao mkubwa wafika mita 2,208. Huna haja ya kupanda mguu popote, barabara yenyewe ndo mandhari. Beba sweta mbili, yake iwe ya kufungua mbele manake ya kuvaa kichwani na mkono ule usioinuka ni vita. Ukiteremka shuka kwa gia ndogo, usikanyage breki njia nzima zikaunguza. Lakini hilo atakwambia yeye.

Na mkiwa na nguvu siku hiyo, au mkilala upande huo, asubuhi sana shikeni ile lami ya Taveta mpitie Maktau. Hapo barabara yakata ndani ya Tsavo Magharibi kwa hivo ndovu na twiga mwaweza kuwaona bila kugeuka popote, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro lote liko mbele ya kioo, mita 5,895, theluji juu. Kabla ya Taveta kuna kilima cha Salaita, pale Waingereza na Wajerumani walipigana mwezi wa pili 1916, na reli ya kutoka Voi ililetwa huku kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Mumeo kapita hapo miaka yote na mzigo na saa za kufika. Safari hii hana mzigo. Mwambie akuonyeshe.

Mzima Springs, huko yanakotoka maji tunayokunywa hapa Mombasa, ni pazuri mno lakini raha yake ni kutembea kwa mguu kwenye vijia vyake, kwa hivo mie ningeiacha safari hii. Si kwamba amenyimwa. Mumechagua vingine.

Siku ya nne rudini polepole.

Sasa gari. Umesema Noah, mashallah, umebahatika bila kujua. Kiti chake kiko usawa wa makalio ya mtu mzima akisimama, gari ya chini kama saluni inamvuta mtu kushuka afu kutoka ni kazi, na ile Prado kubwa watu wanayoisifu ni kupanda mlima. Mkalishe mbele kushoto. Angalia uzuri wake: upande wake mzima ni wa kushoto, na mlango uko kushoto, kile kishikio cha juu ya mlango anakishika kwa mkono wenye nguvu. Mkono wa kulia utakuwa upande wa dereva, hausikii vizuri, utateleza ubanwe, kwa hivo weka kimto kidogo chini yake, na kila mkisimama tazama ule mguu wa kulia haujajipinda chini. Kupanda: asukume siti nyuma mwisho, asimame mgongo ukiwa kwa gari, akae kwanza makalio, kichwa akiinamishe, alafu ndo miguu iingie mmoja mmoja. Zamani tulikuwa twaweka mfuko wa plastiki kwenye siti mtu azunguke kwa urahisi, tangu mifuko ipigwe marufuku 2017 mie nilitumia kitambaa cha satini, kinateleza vizuri tu. Lakini akishakaa KITOE, usiendeshe na kile kitambaa chini yake, ukifunga breki ghafla ataponyoka chini ya mshipi.

Fanyeni mazoezi kabla. Jioni nendeni Mama Ngina, kule kando ya bahari, pale pametengenezwa vizuri tangu 2019, chini ni sakafu tambarare, kiti kinaenda. Apande ashuke mara tatu, mule mihogo na viazi karai, muangalie meli zikiingia Kilindini, mrudi. Wikendi inayofuata nendeni Kwale kupitia ile barabara ya Dongo Kundu, usipite feri, zile rampu za Likoni zina mteremko na maji na watu, na kwa dereva mwenye wasiwasi si pa kujifunzia. Kwa Dongo Kundu utapita juu ya mikoko, daraja la Mteza peke yake lapita kilomita moja, ukifika kule unakata Kombani unapanda Kwale kwenye Shimba Hills. Hapo utajua gari, utajua mgongo wake unachoka saa ngapi, utajua wewe mwenyewe mikono inatetemeka wapi. Kama mtarudi mkiwa mmenuniana ni sawa pia, afadhali ijulikane Kombani kuliko Maktau.

Choo. Hatupendi kuandika mambo haya lakini safari nyingi huvunjikia hapo. Mtu mwenye shida ya kutembea ataacha kunywa maji tangu usiku ili asikusumbue, na kwa mtu aliyewahi kupata stroki kukauka maji mwilini si mchezo. Mnunulie chupa ya mkojo ya wanaume, duka lolote la vifaa vya hospitali wanayo, iwe ndani ya mfuko wake wa kitambaa chini ya siti, na leso kubwa ya kufunika, mambo yameisha kando ya barabara na heshima yake iko pale pale. Kwa haja kubwa shida ni vyoo vya kuchuchumaa. Mie nilimpa fundi kiti cha plastiki akakitoboa katikati akasugua kingo, kilikaa kwenye buti miaka yote sita, unakiweka juu ya shimo, basi. Vituo vya mafuta vikubwa vina choo cha kukaa lakini tazama wewe kwanza kabla hujamshusha. Na dawa za presha zile za kukojoza asiziache kwa sababu ya safari, muulizeni daktari kama yafaa kubadilisha saa ya kumeza. Mwende kwa daktari kabla, na kwa fizio pia, yule wa mazoezi ya viungo, umwambie akufundishe wewe jinsi ya kumuinua akianguka bila kuuvunja mgongo wako. Hilo ni la lazima manake mtakuwa wawili.

Kila saa moja na nusu, mkizidi masaa mawili, simama. Ashuke, asimame, hatua tano. Kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu kunagandisha damu, na akiwa ndani ya gari azungushe vifundo vya miguu, ule usiosogea umsogezee wewe mkisimama.

Hoteli. Hapa naomba unisikilize sana. Kuna mwaka tulikwenda hoteli moja pwani ya kaskazini, nilipiga simu nikauliza kuna ngazi? Wakaniambia mama hakuna shida, tuna wageni wengi kama hao. Tukafika. Chumba kilikuwa chini kweli. Lakini chumba cha kulia chakula kilikuwa juu, ngazi saba, nilizihesabu. Vijana wawili walikuja wakataka kumbeba, akakataa, mtu mzima yule, mbele ya watu wote wamekaa mezani. Tulikula kitandani, sahani magotini, usiku tatu. Hakusema neno mpaka tulipofika Kilifi kurudi. Tangu siku hiyo siulizi tena kuna ngazi, manake mtu anayetembea ngazi tatu hazioni kabisa. Nawaambia nitumie video kwa WhatsApp, anza gari inaposimama, tembea mpaka mlangoni, ingia chumbani, ingia bafuni, usikate. Alafu nenda unapoliwa chakula. Nauliza mlango wa bafu upana sentimita ngapi, na nangoja wapime kwa tepu, kiti cha kawaida chataka kama 70, mlango ukiwa 80 mwapita bila kuchubua vidole. Bafu lina kizingiti? Choo cha kukaa? Kitanda kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni? Loji nyingi za Voi na Taita zimejengwa kwenye vilima kwa ajili ya mandhari, ngazi ni nyingi, kwa hivo hii si ya kuonea haya. Aliyekataa kutuma video ashakujibu. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mumeo haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, hamuombi hisani mwanangu.

Watoto wakisisitiza mumbebe kijana wa kusaidia, mie naona nendeni wawili kama ulivotaka, ili mradi mmefanya yale mazoezi na fizio kakupitisha. Ni sherehe yenu. Usiendeshe usiku, saa kumi na moja jioni gari iwe ishasimama kila siku. Na thermos ya chai ya tangawizi na mahamri kwenye hotipoti, msitegemee mtakula njiani.

BARUA YA PILI

Shangazi, shikamoo. Mie kijana wa Likoni, nimeoa miezi minne iliyopita. Mke wangu yuko kwa kiti cha magurudumu tangu utotoni, alizaliwa na shida ya uti wa mgongo, miguu haisikii lakini mikono ana nguvu kunishinda. Rafiki yangu kanipa gari siku tatu, nataka nimpeleke Malindi na Watamu. Nyumbani wananiambia wamtesa mtoto wa watu bure, mpeleke Mama Ngina ale aiskrimu mrudi. Na mie naogopa feri na foleni ya mjini. Nisaidie.
Kijana wa Likoni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua nzima hujaandika yeye mwenyewe asema nini. Ameishi na kile kiti maisha yake yote, wewe una miezi minne, jirani hana hata siku moja. Muulize anataka kuona nini, yeye ndo atakwambia kama ni mateso.

Njia ninayo na ni nzuri. Usiingie feri wala mjini kabisa. Shika Dongo Kundu utokee Miritini, nenda Mazeras, Mariakani, hapo kata kulia upite Kaloleni utokee Mavueni, karibu na Kilifi. Ni lami. Inaonekana ndefu kwenye ramani lakini ni minazi mwanzo mwisho, vilima vya Wagiriama, vijumba vya makuti, akina mama wauza maembe kando ya barabara mwanunua bila kushuka. Foleni ya Mtwapa utaisikia kwa wengine. Pale Kilifi mwavuka lile daraja, upande huu bluu upande huu bluu, endesha polepole lakini usisimame juu yake.

Gede, ule mji wa mawe msituni, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2024 na watu wataka sana kwenda. Nendeni, ila mjue chini ni udongo na mizizi ya miti, yeye mwenyewe hatoweza kujisukuma kila mahali, utasukuma wewe, na umgeuze kiti kinyumenyume penye mizizi, magurudumu makubwa yatangulie. Marafa ndo nawasihi msiache. Kutoka Malindi mwavuka mto Sabaki, ni kama kilomita 30 na kitu ndani, lile bonde lililomomonyoka Wagiriama waita Nyari. Wengine hushuka chini na mwongozaji, lakini mie nasema uzuri wote uko juu ukingoni, na gari inafika karibu. Nenda saa kumi na moja jioni, udongo unawaka mwekundu, waridi, mweupe, njano. Lala Malindi, usirudi Mombasa giza hilo.

Kitu kimoja cha kuangalia sana wewe. Miguu haisikii kwa hivo haitamwambia inapoungua. Siti iliyopigwa na jua, kile chuma cha mshipi, joto la chini karibu na injini, vyote vinaweza kumchoma na asijue mpaka jioni mvue viatu. Tandika leso kwenye siti, pima kwa mkono wako kabla hajakaa. Akae juu ya mto wake wa kila siku kama unakaa imara na mshipi bado unamshika kiunoni, na kila dakika ishirini, thalathini hivi ajiinue kwa ile mikono yake yenye nguvu au aegemee upande huu na huu, usiku mtazame ngozi ya makalio na visigino. Kidonda cha kukaa kinaanza kama doa jekundu tu na kinaweza kuchukua miezi kupona. Hapo ndo safari inageuka kuwa ya kujuta, si kwa sababu ya kiti.

Kiti chenyewe usikitupe kwenye buti chini ya mizigo. Kiwe cha mwisho kuingia ili kiwe cha kwanza kutoka, mtu asikae ndani ya gari akingoja miguu yake itolewe chini ya masanduku. Pampu na gundi ya kuziba panja beba, miiba ya huko Marafa haichagui.

BARUA YA TATU

Shangazi mimi na mume wangu twapenda kuendesha gari wikendi, yeye goti limekwisha na ana sukari anadunga insulini. Tatizo hii joto, nikiweka kwenye dashibodi inachemka, nikiweka kwenye kulabox na barafu mara imeganda. Nifanyeje?
Wa Kongowea

SHANGAZI ANAJIBU

Ile iliyoganda usiitumie hata ikiyeyuka, itupe, haifanyi kazi tena na kwa macho huwezi kuijua. Dashibodi na buti sahau kabisa. Ile anayoitumia sasa yaweza kukaa nje ya friji, nyingi zaenda kama siku 28, ila penye kivuli na pasipozidi nyuzi 30, na ndani ya gari iliyosimama juani Mombasa nyuzi hizo zinapitwa kwa dakika chache. Kwa hivo funga insulini kwa taulo dogo, iweke ndani ya kikombe cha plastiki chenye kifuniko, alafu ndo uiweke kwenye kulabox, barafu upande ule, kikombe upande huu, visigusane. Mkishuka kula shuka nayo kwenye mkoba wako.

Na tende au juisi ziwe kwenye mlango wake yeye, pale mkono unapofika bila kuinuka, sio nyuma kwenye kikapu. Sukari ikishuka na goti lile hatakwenda kukitafuta.